Mtoto Akifia Mikononi mwa Mlezi: Nani Anawajibika?

Katika ziara zetu za kutembelea kamati za sharika zilizo kandokando ya Ziwa Tanganyika, kuna swali ambalo halimo katika ajenda lakini hujitokeza mkutano unapokaribia kufungwa. Mjumbe mmoja huinua mkono na kuuliza: mtoto akifa kwa mkono wa mtu aliyekabidhiwa kumlea, awe mama mzazi, baba, mama wa kambo, bibi au msichana wa kazi, sisi kama kamati tufanye nini? Mara nyingi anayeuliza ana mtoto fulani moyoni. Jina hatalitaja, ila wajumbe wenzake wanalijua.

Tumeona vema kulifafanua swali hili katika toleo hili kwa sababu majibu mawili tunayoyasikia, Kibirizi na kwingineko, yanatutia wasiwasi. Jibu la kwanza ni lile la msibani: "Kazi ya Mungu haina makosa." Linatamkwa kabla hata kaburi halijachimbwa, na likishatamkwa ni nani tena atauliza mtoto alikuwa na alama gani mgongoni? Jibu la pili ni la mwaloni: "Mama mzembe, amemuua mwanawe mwenyewe." Hilo nalo linatamkwa kabla ya kujua mama huyo alikuwa wapi, alimwachia nani mtoto, na kwa nini. Haya majibu mawili yanaonekana kupingana, lakini yote yana kasoro moja, kwamba yanamaliza jambo kabla halijachunguzwa.

Sheria inatofautisha

Wajumbe wengi hudhani kwamba mbele ya sheria kuna kuua na kutoua, basi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za nchi yetu, inapambanua zaidi ya hapo.

Kuna kuua kwa kukusudia, yaani kusababisha kifo kinyume cha sheria ukiwa na nia ovu. Nia ovu haina maana ya chuki peke yake. Mtu aliyekusudia kumdhuru mwenzake vibaya, au aliyejua kwamba anachokifanya kinaweza kuua na akaendelea bila kujali, anahesabiwa kuwa nayo. Adhabu yake ni kifo, na mtuhumiwa wa kosa hilo hapewi dhamana.

Kisha kuna kuua bila kukusudia, katika kifungu cha 195. Hapa ndipo mambo mengi ya walezi huangukia, na hapa ndipo wajumbe wetu hushangaa, kwa kuwa kifungu hicho hakizungumzii kipigo tu. Kinataja pia kuacha kutimiza wajibu wa kulinda uhai au afya, iwapo kuacha huko kumefikia kiwango cha uzembe wenye hatia, hata kama mhusika hakutaka kabisa mtoto afe au aumie. Na wajibu wenyewe umeandikwa katika sheria hiyo hiyo. Anayemtunza mtu asiyeweza kujitegemea kwa sababu ya umri au ugonjwa anatakiwa kumpatia mahitaji ya uhai. Mkuu wa kaya ana wajibu huo kwa kila mtoto wa chini ya miaka 14 aliye katika kaya yake. Tunaomba msomaji alitazame neno hilo: kaya. Sheria haikusema mtoto wa kumzaa. Mtoto wa marehemu dada yako uliyemchukua baada ya mazishi, mtoto wa mke aliyekuja naye, mjukuu aliyeletwa kutoka kijijini ili asome mjini, wote hao wamo. Adhabu ya juu ya kosa hili ni kifungo cha maisha, lakini jaji ana nafasi pana ya kupima mazingira, na anaweza kutoa adhabu ndogo sana kuliko hiyo.

Kifungu cha 199 kinamhusu mama aliyesababisha kifo cha mwanawe wa chini ya miezi 12, akili yake ikiwa imevurugika kwa sababu hajapona athari za kujifungua au za kunyonyesha. Huyo hahukumiwi kama muuaji wa kukusudia bali kama aliyeua bila kukusudia. Walioiweka sheria hii walikiri jambo ambalo wakunga wetu walilijua zamani, kwamba mwanamke anaweza kuchanganyikiwa baada ya kujifungua bila kulogwa na bila kuwa mtu mbaya. Mwanamke asiyelala usiku kucha, anayesema mtoto si wake, au anayesikia sauti, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Maombi yaendelee, ila asiachwe peke yake na mtoto.

Mwisho kuna bahati mbaya halisi, ambayo mtu hawajibiki nayo kijinai.

Tumeulizwa pia kuhusu hasira. "Mtoto alilia usiku kucha, baba akapandwa na hasira." Ni kweli sheria inatambua hasira ya ghafla inayotokana na kuchokozwa, na inaweza kupunguza kosa la kukusudia kuwa la bila kukusudia. Lakini uchokozi huo ni tendo baya au tusi kutoka kwa mtu. Mtoto mchanga anayelia kwa njaa au homa hajamchokoza mtu yeyote.

Ng'ombe mwenye mazoea ya kupiga pembe

Upambanuzi huu si mgeni kwa wasomaji wa Biblia. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19 kuna mtu aliyekwenda msituni na mwenzake kukata kuni, shoka likachomoka katika mpini na kumwua mwenzake. Huyo alipewa nafasi ya kukimbilia mji wa makimbilio. Hesabu sura ya 35 inaeleza kwamba alipaswa kusimama mbele ya mkutano ili apimwe kama alikuwa na uadui au la. Sisi watu wa Kigoma, ambao tumepokea wakimbizi kwa miongo mingi, tunaelewa upesi maana ya makimbilio: mtu anapata uhai, lakini maswali anaulizwa.

Mfano unaotufaa zaidi ni ule wa Kutoka sura ya 21. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe huyo alikuwa na mazoea ya kupiga pembe, na mwenyewe alionywa asimfunge, basi damu iko juu yake. Na katika Kumbukumbu la Torati 22:8 mwenye kujenga nyumba anaagizwa kuweka ukingo juu ya dari yake, asije mtu akaanguka. Hakuna aliyekusudia kuua katika mifano hii miwili. Kinachoulizwa ni hiki: ulijua? Ulionywa? Ulifanya nini baada ya kuonywa?

Ndivyo pia Luther alivyoifafanua amri ya tano katika Katekisimu Ndogo ambayo vijana wetu huisoma kipaimara. Kwake amri hiyo haikomi katika kukataza mkono unaodhuru. Inadai pia msaada kwa jirani katika mahitaji ya mwili wake. Tukiipokea hivyo, swali la "nani alimpiga" linafuatwa na swali jingine: nani alijua kwamba anapigwa?

Morogoro na Bukoba

Mwaka 2014 nchi nzima ilisikia habari ya msichana wa miaka minne huko Morogoro aliyekutwa amefungiwa ndani ya boksi katika nyumba ya mama yake mkubwa. Mama yake mzazi alikuwa amefariki akiwa bado mchanga. Baba yake alikuwa hai. Majirani ndio waliofikisha habari kwa uongozi wa mtaa, na viongozi walipoingia ndani wakamkuta. Alipelekwa hospitali, baadaye akahamishiwa Muhimbili, na tarehe 1 Juni 2014 akafariki. Mama mkubwa, mume wake na baba mzazi wa mtoto walifikishwa mahakamani.

Hatulirudii jambo hili ili kuwatisha wasomaji. Tunalirudia kwa sababu ya orodha ile ya washtakiwa. Baba hakuwa akiishi katika nyumba ile. Katika vikao vyetu wanaume wengi husema, "Mimi nilimkabidhi mtoto kwa ndugu, nikawa natuma matumizi." Kukabidhi ni jambo jema katika mila zetu, na bila hiyo yatima wengi wa mkoa huu wasingekua. Lakini mwenye kukabidhi hajajiuzulu ubaba. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amlinde mtoto dhidi ya kutelekezwa, ukatili na mateso, na inamtaka pia kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke kwa serikali ya mtaa. Wajibu wa kutoa taarifa, basi, si hiari ya jirani mwenye roho nzuri. Ni sheria. Majirani wa Morogoro waliutimiza. Tunaloumia nalo ni kwamba taarifa ilifika mtoto akiwa tayari amedhoofika kiasi kile.

Jambo la pili ni la Bukoba. Tarehe 27 Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta alifariki baada ya kuchapwa na mwalimu kwa tuhuma ya wizi wa pochi ya mwalimu mwingine. Machi 2019 Mahakama Kuu huko Bukoba ilimtia hatiani mwalimu aliyechapa kwa kosa la kuua kwa kukusudia na kutoa adhabu ya kifo. Mwalimu mwenye pochi aliachiwa huru. Hatuzungumzii hapa hatua za rufaa, ambazo ni haki ya kila aliyehukumiwa. Tunalolitaka lionekane ni kwamba maneno "nilikuwa namrudi tu" hayakutosha. Kanuni za shule za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, tena kwa mkono wa mwalimu mkuu au mtu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Nyumbani hakuna idadi iliyoandikwa, lakini Sheria ya Mtoto inasema kumrudi mtoto hakukubaliki pale kunapozidi kiasi, au pale mtoto, kwa umri wake au hali yake, asipoweza kuelewa kwa nini anaadhibiwa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyemwaga uji hawezi kuelewa. Kumchapa huyo si kumrudi kwa namna yoyote ile.

Tunajua kwamba hapa tunagusa mahali penye ubishi. Wazee wetu katika kamati hutukumbusha Mithali juu ya fimbo, na sisi huwaomba waitazame pia fimbo ya mchungaji wa Zaburi ya 23, ambayo kondoo anafarijika kuiona. Ubishi huu hatutaumaliza katika ukurasa mmoja. Itoshe kusema kwamba utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana wa kike na wa kiume walikuwa wamepata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Mlezi anayeua kwa kipigo hatoki katika jamii tofauti na yetu. Siku ile anazidisha tu kile ambacho majirani wamekizoea.

Kibirizi, saa kumi na moja alfajiri

Hata hivyo, kwa sharika zilizo mwambao, vifo vingi vinavyotuletea swali hili si vya boksi wala vya fimbo. Ni vya kuachwa.

Anayeijua Kibirizi anaujua mwalo wake. Wavuvi wa dagaa hutoka jioni na taa zao, hurudi kunapopambazuka, na akina mama wanaonunua lazima wawepo mitumbwi inapogusa mchanga, kwani anayechelewa hupata dagaa wa mwisho kwa bei ile ile. Baada ya hapo ni kuanika, kugeuza, kulinda kunguru na kuomba mvua isinyeshe. Maboti ya kwenda vijiji vya kaskazini, upande wa Gombe, yanapakia hapo hapo. Mama ameondoka nyumbani watoto wakiwa wamelala. Baba yuko majini au amelala baada ya kukesha. Aliyebaki na mtoto wa miaka miwili ni dada yake wa miaka minane, na ziwa liko hatua chache kutoka mlangoni. Kuanzia mwaka 2020 maji ya Tanganyika yalipanda na kuyasogelea makazi, kwa hiyo hata umbali ambao bibi zetu waliuzoea haukubaki ule ule.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto wa umri huo hapigi kelele anapozama. Huinama kuangalia kitu, akaanguka, na kila kitu kinaisha kimya kimya ndani ya dakika chache.

Je, mama huyo ameua? Tunaombwa jibu la ndiyo au hapana na hatuwezi kulitoa, kwa sababu mahakama yenyewe isingelitoa bila kuuliza kwanza. Alimwacha mtoto kwa muda gani? Alikuwa na njia nyingine? Ilishawahi kutokea mtoto akaokotwa ufukweni na watu wakamwambia? Umaskini si kinga ya kisheria, lakini unapimwa. Mama aliyekwenda kutafuta chakula cha watoto na mwanamume aliyewaacha watoto hao hao akaenda kilabuni hawajafanya jambo moja, hata kama misiba yao inafanana. Na tunashangazwa na jinsi lawama zinavyompata mama siku zote, wakati sheria, kama tulivyoona, inamtaja mkuu wa kaya.

Lipo pia suala la homa. Kigoma imekuwa miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 takribani mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka mitano mkoani hapa alikutwa na vimelea. Malaria kali ikipanda kichwani mtoto hukakamaa na kutupa mikono, tunasema ana degedege, na bado wapo wanaoamini kwamba degedege haitaki sindano na kwamba akipelekwa hospitali atafia huko. Wengine mtoto akiharisha hupelekwa kung'olewa "meno ya plastiki", yaani meno machanga ambayo hayajatoka, kwa chombo kisicho safi. Mlezi wa namna hii anampenda mtoto. Ametumia hata fedha yake ya mwisho. Hapa ndipo swali la "ulionywa?" linapokuwa zito, na linageuka kutuelekea sisi. Kama mhudumu wa afya alimwambia wazi na akakataa, wajibu wake ni mmoja. Kama hakuna aliyemwambia, na kanisani kila Jumapili tunatangaza michango na ratiba za kwaya bila kutaja degedege hata mara moja, wajibu ni mwingine.

Yule dada wa miaka minane

Katika mazungumzo yote juu ya uwajibikaji, mtu anayesahauliwa ni mtoto aliyeachiwa mtoto. Sheria iko wazi kuhusu yeye. Mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai kwa jambo lolote. Wa miaka 10 lakini hajafikisha 12 hawajibiki isipokuwa ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa anachokifanya ni kosa. Dada yule, kisheria, hakuwa mlezi. Alikuwa mtoto wa pili aliyeachwa bila mlezi.

Msibani mambo huwa tofauti. Shangazi anafika kutoka Ujiji au Kasulu, anauliza kwa sauti, "Alikuwa na nani?" na macho yote yanageuka. Msichana anahojiwa na baba, kisha na babu, kisha na mwenyekiti, kisha na kila anayeingia. Mwingine anamwambia, kwa hasira ya majonzi, "Wewe ndiye uliyemuua mdogo wako." Maneno hayo atayabeba mpaka uzeeni. Tunaziomba kamati zichague mama mmoja mtulivu, siku ile ile, kazi yake iwe kukaa na mtoto huyo, kumlisha, na kuwazuia watu wasimhoji. Kama polisi wanahitaji maelezo yake, yachukuliwe na Dawati la Jinsia na Watoto au mbele ya Afisa Ustawi wa Jamii, mara moja tu ikiwezekana.

Kabla ya kuzika

Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 inataka vifo vya ghafla, vya ajali, vya ukatili au vya mashaka vitolewe taarifa ili vichunguzwe. Mtoto aliyekufa hivyo asioshwe wala asizikwe kabla mtendaji na polisi hawajajulishwa na mganga hajautazama mwili, na kwa Kigoma hilo kwa kawaida hufanyika Hospitali ya Maweni. Tunaelewa ugumu wake. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na kwao kuchelewesha maziko ni jambo zito. Kwetu Wakristo nako wapo wanaoona uchunguzi kuwa ni kumfedhehesha marehemu. Viongozi wa dini zote wakae pamoja mapema, kabla ya msiba wowote, wakubaliane namna ya kuwaeleza watu. Msiba ukishaingia hakuna anayesikiliza maelezo mapya.

Wengi huchukulia kwamba uchunguzi ni kumshtaki mama. Mara nyingi uchunguzi humwokoa. Mtoto aliyekufa kwa malaria kali akizikwa haraka, uvumi unabaki juu ya ardhi: mama wa kambo alimpa sumu, au bibi wa nyumba ya tatu ni mchawi. Ukanda wetu wa magharibi unafahamu vikongwe wamefanywa nini kwa uvumi wa namna hiyo. Maelezo ya mganga ya mistari michache yangeweza kuwa ngao ya watu wawili au watatu walio hai.

Kwa mtoto ambaye bado yu hai lakini ameumizwa, matibabu hutangulia. Fomu ya polisi, PF3, ifuatiliwe wakati mtoto yuko mikononi mwa mganga.

Kuna jambo moja ambalo kamati haina mamlaka nalo kabisa, nalo ni kusuluhisha. Tumesikia kwa masikitiko kuhusu vikao vya ukoo vinavyokubaliana mbuzi, fedha na kusameheana, kisha mjumbe wa kanisa anaalikwa kufunga kwa sala. Kesi ya mauaji ni ya Jamhuri. Ukoo hauwezi kuifuta, na anayesaidia kuficha mkosaji au ushahidi anaweza kushtakiwa kwa kufanya hivyo. Tena katika vikao hivyo aliyekosewa hayupo kusema kama amesamehe. Vilevile kamati haina mamlaka ya kuruhusu vijana "wamfundishe adabu" mtuhumiwa. Akabidhiwe polisi akiwa mzima.

Wachungaji wametuuliza juu ya maungamo. Yanayosemwa na mtu mmoja kwa mchungaji katika maungamo ya faragha yanabaki chini ya siri ya huduma yake, na mchungaji anayo kazi ya kumsihi mtu huyo aende mwenyewe akaseme. Lakini lililosemwa ndani ya kikao cha kamati, au lililoonwa na mjumbe kwa macho yake, si maungamo. Mjumbe asijifiche nyuma ya joho la mchungaji.

Kuhusu nidhamu ya kanisa, ushauri wetu ni kusubiri. Baraza lisimtenge mtu kwa jambo ambalo mahakama haijalipima, na lisimtangaze kuwa hana hatia pia. Anayesubiri kesi ya mauaji anaweza kukaa mahabusu Bangwe muda mrefu, na watoto wake waliobaki wanahitaji kula, kuvaa sare na kwenda shule. Kumtembelea gerezani hakumaanishi kukubaliana na alichotuhumiwa. Wajumbe wanaoogopa kwenda kwa sababu ya maneno ya watu waende wawili wawili.

Kwa wafadhili wetu

Baadhi ya marafiki wanaotuchangia wameuliza kwa nini sehemu ya fedha za mradi wa watoto inakwenda katika semina za sheria na katika sehemu ya kukaa watoto karibu na mwalo, badala ya vitabu na sare. Tumejaribu kujibu kwa maelezo yaliyotangulia. Sehemu hiyo ni kivuli, mkeka, uzio na akina mama wawili wanaolipwa posho ili wawatazame watoto wadogo kuanzia alfajiri mpaka dagaa wamalizike kuanikwa. Shirika la Afya Duniani linaitaja njia hii, ya kuwaweka watoto wasiofikia umri wa shule mahali salama mbali na maji chini ya uangalizi wa mtu mzima, kuwa mojawapo ya njia za kuzuia vifo vya maji, na Bangladesh, nchi ya mito na mabwawa, imeitumia ikaona vifo vya watoto wadogo vikipungua sana. Vilevile yule dada wa miaka minane anapata nafasi ya kwenda shule.

Semina za sheria zinawafikia wajumbe wa kamati, wenyeviti wa mitaa na masheikh kwa pamoja. Kila usharika unaombwa kuteua wajumbe wawili, mmoja mwanamke, na kutuletea majina yao kabla ya toleo lijalo. Wateule wawe watu ambao majirani huwaendea usiku. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo kupiga ni bure, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kanisa na kwenye vibanda vya mwalo, kwa maandishi makubwa yanayosomeka na mtu asiye na miwani.